Sun Midnight Sun ya Sara Watkins: hapa fidla ndiyo inayoongoza

Albamu hii ya Sara Watkins, mpigafidla na mwimbaji wa Marekani, nimeisikiliza mara nyingi mno, na bado wimbo wa kwanza, The Foothills, unanifanya niache kila ninalolifanya. Hauna neno hata moja. Fidla inatimua mbio, ngoma zinaifuata kwa kishindo. Aliyekulia kwenye blugrasi, muziki wa asili wa Marekani unaopigwa kwa ala za nyuzi, atashtuka, maana katika muziki ule wa Bill Monroe ngoma hazina nafasi. Mdundo hushikwa na besi na ile mikato mikavu ya mandolini, ala ndogo ya nyuzi. Sara ameziruhusu ngoma ziingie, lakini fidla hajaihamisha.

Hilo ndilo ninalompendea. Wanamuziki wengi wa roki huiita fidla mwishoni, ije kupaka wimbo rangi ya huzuni, kisha iondoke. Sara alianza na bendi ya Nickel Creek mwaka 1989, akiwa bado mtoto, pamoja na kaka yake Sean na Chris Thile, na upinde umekuwa mkononi mwake tangu hapo. Vaa hedifoni usikilize anavyoburuza upinde juu ya nyuzi mbili kwa pamoja: utasikia mkwaruzo kabla ya noti yenyewe. Hawakuusafisha ukapotea, nami nawashukuru.

Albamu yake ya kwanza ya peke yake, ya 2009, ilitayarishwa na John Paul Jones wa bendi ya roki ya Led Zeppelin. Nzuri, ila tulivu kuliko nilivyotegemea. Hii ya 2012 aliitayarisha Blake Mills, na ndani yake kuna ujasiri wa roki ya indi, ile isiyofuata mkondo wa kampuni kubwa: sauti zenye vumbi, vitu vinavyogongana.

Si kila mara mgongano huo unafaa. Katika You're the One I Love, ule wa Everly Brothers, wale ndugu wawili waimbaji, anaimba na mwimbaji Fiona Apple, sauti mbili ambazo ningezisikiliza hata bila ala yoyote. Kelele zimewabana. Ningependa gitaa liwapishe japo ubeti mmoja.

Fiona anarudi kwenye wimbo wa mwisho, Take Up Your Spade, safari hii taratibu, na mwimbaji Jackson Browne yumo miongoni mwa waitikiaji. Ni wimbo wa mtu anayeshika chepe na kuianza siku upya. Huo nausikiliza alfajiri, kabla sijasema na mtu yeyote.