389 Directory Server: Tathmini ya Seva Kuu Mbili Kati ya Mtwara na Lindi

Msimu wa korosho unapofunguliwa mwezi Oktoba, makarani wa muda huandikishwa kwa wingi ndani ya siku chache, na kila mmoja huhitaji akaunti ya kuingilia kwenye mifumo ya mapokezi, uzani na malipo. Ofisi yetu ya Mtwara na tawi la Lindi hutumia saraka moja ya watumiaji, yaani hifadhi ya akaunti zao, lakini hapo awali seva ya Mtwara peke yake ndiyo iliyokubali kuandikwa. Mtandao ulipokatika, Lindi waliweza kusoma tu, na karani mpya alilazimika kusubiri. Kwa sababu hiyo tulihamia 389 Directory Server, programu ya seva ya saraka, tukaiweka kwa mtindo wa seva kuu mbili, ambapo kila upande huandika kwake na kupeleka mabadiliko kwa mwenzake.

Programu hii ni ya bure na chanzo chake ni huria. Asili yake ni seva ya Netscape iliyonunuliwa na Red Hat mwaka 2004, na namba iliyo katika jina lake ni ya mlango wa LDAP, itifaki ya mawasiliano na saraka.

Usimikaji kwa amri za dsconf, zana ya kusanidi seva hii, ni mwepesi kuliko nilivyotarajia. Kila seva kuu hupewa namba yake isiyofanana na ya nyingine, kisha huandikwa makubaliano mawili ya urudufishaji (kunakili mabadiliko kwenda seva nyingine), moja kwa kila mwelekeo. Hatua ya kutiliwa maanani zaidi ni ujazaji wa awali, yaani kunakili saraka nzima kwenda upande wa pili, kwa kuwa hufuta data yote iliyopo upande unaopokea. Anayekosea mwelekeo atapoteza saraka nzima, hivyo nakala ya akiba ni lazima.

Ubora wake nimeuona katika migongano. Tuchukulie kwamba mtandao umekatika, na karani yuleyule ameandikishwa Mtwara asubuhi, kisha Lindi mchana, kwa jina moja la mtumiaji. Mawasiliano yakirudi, ingizo la asubuhi hubaki na jina lake, na la mchana huongezewa kitambulisho cha pekee kisha hufichwa lisionekane katika utafutaji wa kawaida. Hakuna kilichopotea, ila nenosiri alilopewa Lindi halitafanya kazi, na asiyejua chanzo atahangaika bure. Amri ya repl-conflict huorodhesha migongano hiyo na kukuwezesha kulinganisha maingizo mawili kabla ya kuamua lipi libaki. Naipenda tabia hii, kwa sababu uamuzi kuhusu akaunti ya mtu unaachiwa binadamu. Sifa moja ya ingizo, yaani taarifa moja ndani yake, ikibadilishwa pande zote mbili, badiliko la mwisho ndilo hushinda.

Kujua lipi ni la mwisho hutegemea saa za mashine, na hapa ndipo mazingira yetu yanapoijaribu programu. Umeme ukikatika na betri ndogo ya bodi ikawa imekufa, kompyuta huwaka ikiwa na tarehe ya miaka iliyopita. Tofauti ya saa ikizidi siku moja, seva hukataa kurudufisha. Betri hiyo ibadilishwe mapema, na chrony, programu ya kusawazisha saa kupitia mtandao, irekebishe saa kabla huduma ya saraka haijaanza.

Jambo jingine ni muda wa kutunza alama za maingizo yaliyofutwa, zinazosaidia seva zote kukubaliana kuhusu kilichofutwa, ambao kwa kawaida ni siku 7. Kwa tawi linaloweza kukosa mawasiliano kipindi kirefu cha mvua, muda huo ni mfupi mno. Tumeuongeza hadi siku 30, pamoja na ule wa kumbukumbu ya mabadiliko, ambamo seva huchukua mabadiliko ya kupeleka kwa mwenzake.

Kwa ofisi mbili naipendekeza bila kusita, mradi awepo mtu wa kukagua migongano kila siku wakati wa msimu. Ukiongeza seva kuu ya tatu, tuseme Masasi, na zote zikaunganishwa moja kwa moja, makubaliano yatafika sita na migongano itaongezeka. Kwa tawi dogo kama hilo, seva ya kusoma tu inatosha.