Koini ya Apollo 11 ya 2,500: eti ni dhahabu safi, nimeipima

Niliiona kwa simu nikingoja matatu ijae, picha inang'aa balaa, imeandikwa dhahabu safi, ukumbusho wa kutua mwezini, bei 2,500. Nikajiambia kama ni dhahabu huyu muuzaji ni wazimu na kama si dhahabu bado itapendeza kwa meza, nikalipa. Najua, msinicheke.

Parseli ilifika siku ya nne, boda akaileta mpaka Kondele. Boksi iko poa kusema ukweli, ndani kitambaa cha bluu, koini imekaa kwa kiplastiki cha duara, na kuna cheti chenye namba ndefu lakini hakina jina la mtu wala kampuni. Upande mmoja ni unyayo wa buti kwa vumbi la mwezi, upande wa pili kofia ya mwanaanga Buzz Aldrin, na kwa kioo chake unaona bendera na chombo walichotua nacho, ni ile picha aliyopigwa huko mwezini na mwenzake Neil Armstrong Julai 1969. Mistari ya soli unaisikia kabisa ukipitisha kidole. Watoto wamegombania kuishika mpaka mmoja akalia. Hapo kwa kuchora nawapa maksi zao.

Sasa shida. Hii imeigwa kutoka kwa sarafu ambazo serikali ya Marekani ilitoa 2019, miaka 50 ya Apollo 11, na zile za ukweli haziko bapa, zimebonyea upande wa unyayo zikafura upande wa kofia, hiyo ndiyo raha yake yote. Yangu ni bapa kama kifuniko cha soda. Halafu ile ya dhahabu yenyewe ni ya dola 5 na ni kadogo tu, milimita 21.6, inakaribiana na koini yetu ya kumi, gramu 8.36 na dhahabu ni asilimia 90. Mimi nimeletewa sahani ya milimita 40, unene 3.

Jumamosi nikaenda nayo Ikolomani kwa mjomba, huyo amechimba dhahabu tangu sijazaliwa na baba yake alifanya kazi Rosterman, ule mgodi wa dhahabu wa Kakamega, enzi za mkoloni. Hata hakuvaa miwani. Aliirusharusha kwa kiganja mara mbili akacheka, "Mpwa, hii ni nyepesi." Nikamwambia mjomba tupime tu, akatoa kamizani kake ka dhahabu, gramu 28. Kwa ukubwa ule dhahabu safi ingekuwa kama gramu 73, maana dhahabu ni nzito karibu mara mbili na nusu ya chuma. Halafu akachukua sumaku ya spika ya redio iliyokufa, kuisogeza tu, tak! koini imenasa. Dhahabu hainaswi na sumaku. Akanirudishia, akauliza kama chai iongezwe sukari.

Nikamtumia muuzaji video. Jibu: "Boss ni rangi ya dhahabu." Hapo ndio nilichemka, sababu si 2,500, ni lile neno safi. Hata kioo cha kofia ya Aldrin kilikuwa na dhahabu ya kupakwa tu, safu nyembamba sana ya kukinga jua, kwa hivyo kuchovya si aibu, sema tu umechovya na mimi bado ningenunua.

Kama unataka ya ukweli, uliza uzito na upana kabla hujatoa pesa, halafu uliza sonara yeyote gramu ya dhahabu leo ni ngapi uzidishe kwa 7.5, hizo ndizo gramu za dhahabu zilizo ndani ya ile ya dola 5, bei ikiwa chini sana ya hapo rudisha simu mfukoni. Na mwenye kuunda sarafu ya Taifa-1, setilaiti yetu iliyorushwa Aprili 2023, anitafute, hata ikiwa ya shaba nachukua mbili.

Nyota mbili kwa tano, na moja ni ya boksi. Ina miezi miwili kwa meza ya tivii na kisigino cha buti kimeshaanza kuchubuka, chini yake ni kijivu, na sasa inafanana na mwezi kuliko ilipokuwa mpya.