Tabo au supachaja? Mark II yangu imeonja zote mbili, hapa Tabora

Gari ni Mark II GX81, injini 1G-GZE, silinda 6, lita 2, ile ambayo Toyota waliitoa kiwandani ikiwa na supachaja ya SC14. Supachaja na tabo zote ni pampu za kuishindilia injini hewa zaidi ili ipate nguvu; tofauti ni kinachozizungusha. Niliiendesha hivyo miaka miwili, halafu nikang'oa supachaja na kufunga tabo ya mtumba niliyoagiza Kariakoo. Injini ileile, dereva yuleyule. Ninachotafuta ni mbio za mita 400, gari likianza limesimama. Kama gari lako ni la kwenda sokoni na kurudi, usijitafutie gharama.

Supachaja ina raha yake, sitaki kuisingizia. Inazungushwa na mkanda kutoka kwenye krenki, yaani shafti kuu ya injini, kwa hiyo ukigusa pedeli tu hewa imeshaingia. Hii ya Toyota ina klachi ya sumaku kama ya kompresa ya AC: unasikia "tak!", kisha kilio chembamba kama mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili. Mita 60 za mwanzo hakuna Mark II ya tabo iliyowahi kuniacha. Aibu inaanza gia ya tatu. Mkanda ule unakula nguvu ya injini ileile unayotaka ikusukume, na mizunguko ikipanda unakula zaidi. Hapo naanza kuhesabu taa za nyuma za wenzangu.

Halafu kuna jambo ambalo mafundi wa Dar hawakuniambia. Tabora tuko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10. Supachaja imefungwa kwenye puli. Haina namna ya kuongeza mwendo ili ifidie. Dar geji yangu ya presha ilikuwa inagusa baa 0.4, huku haikuvuka 0.35. Tabo inasukumwa na moshi wa ekzosi, na valvu ya kupunguzia presha haifunguki mpaka presha uliyopanga ifike. Hewa ikiwa nyepesi, yenyewe inazunguka kwa kasi zaidi, basi.

Ubaya wa tabo ni kungoja. Unakanyaga, kimya, kimya tena, ndipo mgongo unabandikwa kwenye kiti. Pale kwenye mstari, sekunde hiyo moja ni ndefu kama Januari. Nimejifunza kuipandisha injini mpaka mizunguko 4,000 kabla ya kuachia klachi, nayo klachi inalalamika. Siku tuliyopata barabara iliyofungwa kwa kibali, saa ya rafiki yangu ilisoma sekunde 15.8. Na supachaja sikuwahi kushuka chini ya 16.5.

Mwenye Mark II GX100 yenye injini ya 1G-FE, isiyo na tabo wala supachaja, asinakili kwangu. Injini yangu ilitoka kiwandani na mgandamizo mdogo, yaani pistoni haibani hewa sana, kwa sababu ilijengwa kwa kazi hii ya kushindiliwa hewa. Ya kwako ina mgandamizo mkubwa. Ukiipa presha kwa pupa utasikia kama kokoto zinagonga ndani, kesho gasketi ya hedi, keshokutwa pistoni.

Nami sikuvuka bure. Siku ya tatu baada ya kufunga tabo, gari lilianza kutoa moshi wa bluu kama jiko la kuni mbichi. Nikajua beringi zimekwisha. Nikaenda kwa mzee mmoja anayetengeneza Fuso za kubeba tumbaku.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Zima hiyo, unatufukiza."

Alivua bomba la hewa, akashika ncha ya shafti kwa vidole viwili, akaitikisa juu na chini, akaivuta, akaisukuma. Akainama chini ya gari na tochi mdomoni. "Tabo nzima kabisa, kijana. Bomba lako la kurudisha oili lina goti." Oili inaingia kwenye tabo kwa presha, lakini kurudi kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, inateremka yenyewe, kama maji ya gata. Ikikuta goti inajaa, inatafuta pa kutokea. Alikata, akanyoosha, nikalipa 20,000.

Hili ndilo lililoniamulia kubaki na tabo, kuliko hata saa. Malori na mabasi mengi hapa yana tabo, hivyo hukosi mtu anayeijua kwa vidole. SC14 ilipoanza kupiga kelele za beringi, fundi mmoja alitaka kuichomelea. Niliipakia kwenye basi kwenda Dar, ikakaa huko wiki saba.

Masharti ya tabo ni oili safi, ea klina isiyo na vumbi letu, na kutozima ghafla. Shafti inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na ukizima ikiwa ya moto oili inaungua kwenye beringi. Kwa hiyo nikifika nyumbani nakaa ndani ya gari dakika mbili, injini inanguruma. Mama watoto ameshazoea kuchungulia dirishani: "Baba Asha, umefika au bado?"