Nimelipa elfu tano kuangalia mawe Dodoma, na nitarudi

Shemeji aliponiambia twende tukaone bustani ya mawe ya mzee mmoja upande wa Msalato, nilimuuliza: kwa Dodoma hii, mawe tumeyakosa wapi mpaka tuyalipie? Kiingilio ni 5,000 kwa kichwa. Unapiga simu kwanza, maana ni nyumbani kwa mtu.

Uzio ni wa minyaa. (Mwenye mtoto amshike mkono, ule utomvu ukimwingia machoni ni kilio.) Tulimsalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi", akafurahi, akatupeleka moja kwa moja kwenye mahori. Anayo kumi na kitu, ya jiwe na ya zege aliyoyamwaga mwenyewe. Anasema wazo ni la Uingereza, ambako watu huchukua mahori ya mawe waliyokuwa wakinyweshea mifugo wakapandamo vimea vya milimani.

Lililonikamata mimi ni hori la zamani la ng'ombe, ukingo umelika kwa kulambwa. Ndani kuna shubiri ndogo zenye madoa meupe, zimejibana kwenye nyufa za mawe, na juu kamwaga changarawe ili shina lisiguse udongo wenye unyevu. Mzee akamimina kopo la maji, akaniambia nichuchumae nihesabu. Nilipofika sita, tone la kwanza likadondoka kwenye tundu la chini.

"Ukifika ishirini hayajatoka, mwanangu, umepanda maiti."

Mbegu za mimea ya milimani kweli alizijaribu, mwanawe alimletea kutoka Ulaya. Ziliota Julai, usiku wetu ukiwa na baridi. Joto la Oktoba likazimaliza zote. Mimea hiyo baridi haiiogopi, hata lobelia, mimea inayoota juu kule Kilimanjaro, hufunga majani usiku ikavumilia jalidi. Inachoshindwa ni joto, na mizizi kukalia maji. Hori lile bado lipo, mawe yamepangwa vizuri, halina kitu. Nilisimama pale muda mrefu kuliko kwenye maua.

Sasa malalamiko. Tulifika saa saba mchana, kivuli hakuna, mawe yanachoma mpaka ndani ya kandambili. Vibao vya majina hakuna hata kimoja, usipomuuliza mzee unatoka hujui ulichokiona. Na miche ni ghali: waridi la jangwani, shina limevimba kama ngumi ya mtoto, 25,000. Nilimbembeleza akashusha hadi 20,000. Nampa nyota nne.

Lile waridi nililipanda kwenye ndoo ya rangi, mama akawa analimwagilia kila jioni kwa huruma. Wiki ya tatu nikaligusa shina, kidole kikazama. Nikampigia mzee kwa hasira kidogo, nikamwambia mche wake ulikuwa mbovu.

"Ndoo uliitoboa?"

Sikuitoboa. Jumamosi nakwenda kuchukua mwingine, saa mbili asubuhi safari hii.