Gemu za kuwinda mizimu: ipi ununue kwanza ukiwa Dodoma

Wengi wakitaka gemu ya nyumba yenye mizimu huulizia ile inayotisha kuliko zote. Mimi nashauri uulize kwanza: humo ndani mzimu unawindwaje? Zipo gemu ambazo kazi yako ni kukimbia na kujificha kabatini mpaka mwisho. Zipo pia zinazokupa kifaa mkononi na kukutuma ndani ukautafute. Hizi za pili ndizo nilizozipanga hapa, nikimfikiria mtu wa Dodoma ambaye bando lake ni la kuhesabu na umeme unaweza kukatika saa mbili usiku.

1. Luigi's Mansion 3 (Switch, 2019)

Kama una Switch, mashine ya gemu ya Nintendo, nyumbani, anza na hii. Luigi, pacha wake Mario, anaalikwa hotelini, na usiku huohuo ndugu yake na wenzake wanafungiwa ndani ya fremu za picha. Inabidi apande ghorofa moja baada ya nyingine, na kitufe cha lifti cha kumfikisha inayofuata mara nyingi anacho mzimu fulani. Utamu uko kwenye kuwinda kwenyewe. Unaumulika mzimu ghafla kwa tochi, unaduwaa, kisha unaufyonza kwa mashine ya mgongoni huku ukivuta kinyume na unakokimbilia. Ukiuchosha, unaupigiza sakafuni kushoto na kulia, na ukilenga vizuri unaangukia mizimu mingine.

Lakini kilichoipa nafasi ya kwanza ni Gooigi, Luigi wa pili aliyetengenezwa kwa ute wa kijani. Anapenya kwenye nondo na kupita juu ya miiba, ila maji yanamyeyusha. Ukishampata, mtu wa pili anashika pedi na kumchezesha kwenye Switch ileile, bila intaneti. Mafumbo mengi yanawataka muongee: wewe shikilia hapa, mimi napita kule. Mzazi na mtoto wa darasa la tatu wanaicheza pamoja bila mtoto kukosa usingizi. Huko Ulaya gemu hii imepewa alama ya kuanzia miaka 7.

Bei rasmi ilikuwa dola 59.99, na gemu za Nintendo hazishuki bei kirahisi, kwa hiyo tafuta kadi ya gemu iliyotumika. Switch haibagui nchi: kadi iliyonunuliwa Dubai, Japani au Uingereza itacheza hapa. Ijaribu kwenye mashine mbele ya muuzaji kabla hujatoa hela. Switch 2 nayo inaisoma.

2. Phasmophobia (kompyuta, 2020, PS5 na Xbox Series, 2024)

Kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wenye laptopu nzuri, hii ingekuwa ya kwanza. Mnaingia hadi watu wanne kwenye nyumba yenye giza, mkibeba kipimajoto, kamera, daftari la mzimu kuandikia na redio ya kuuongelesha. Kazi yenu ni kukusanya ushahidi na kutaja ni aina gani ya mzimu, basi. Hamuupigi. Mzimu ukianza kuwinda, wawindwaji ni ninyi.

Kati ya aina hizo yumo Jini, na nilifurahi kumkuta, maana sisi tumekua na habari zake. Akikuona kwa mbali wakati umeme wa nyumba unawaka, anakufuata kwa kasi. Ukizima meni swichi, kasi hiyo anaipoteza. Kinachoipunguzia alama ni mahitaji: RAM ya GB 8 ndiyo mwanzo, kadi ya picha iwe ya maana, na mkicheza wengi lazima intaneti itulie. Laptopu ya kuandikia ripoti haitaiweza. Hedifoni ni lazima, kwa sababu nyayo za mzimu ni taarifa.

3. Luigi's Mansion 2 HD (Switch, 2024)

Ilitoka kwanza mwaka 2013 kwenye Nintendo 3DS. Badala ya hoteli moja kuna majumba kadhaa, na kazi zimekatwa vipande vifupi, jambo linalomfaa anayecheza kwa chaji ya Switch wakati umeme haupo. Hadithi yake unaicheza peke yako, ndiyo maana iko chini ya ndugu yake.

4. Ghostbusters: The Video Game Remastered (2019)

Ya mwenye PS4, na ipo pia kwa mashine nyingine. New York, hoteli na maktaba zenye mizimu, miale ya kuivuta na mtego wa kuitia. Ya mwaka 2009 iliyosafishwa, na umri unaonekana. Nunua CD ya PS4 iliyotumika. PS5 yenye sehemu ya kuingiza CD inaisoma.

5. Project Zero: Maiden of Black Water

Silaha ni kamera: unasubiri mzimu ukusogelee kabisa, ndipo unaupiga picha. Wazo zuri sana, mwendo wa polepole mno. Ni ya watu wazima.

Mwenye simu tu asikubali mtu amwekee "Luigi's Mansion" ya APK, yaani faili la kuweka programu kwenye simu za Android, hata kwa elfu mbili. Nintendo haijatoa gemu hiyo kwa simu, kwa hiyo unachowekewa hakikutoka kwao, na simu hiyohiyo ndiyo yenye M-Pesa yako.