Darasa la Kujichora kwa Kumfuata Artemisia Gentileschi

Darasa hili la London lilitutaka tujichore kwa kufuata picha ambayo Artemisia Gentileschi, mchoraji wa kike aliyezaliwa Roma mwaka 1593, alijichora akiwa kazini, mkono wa kulia umeinua brashi na mkufu wa dhahabu wenye kinyago kidogo ukining'inia kifuani. Mwalimu alituelekeza kwa subira kupaka turubai nzima rangi ya kahawia kwanza, kisha kuutoa mwanga wa paji la uso humo gizani; nami, badala ya gauni la hariri ya kijani, nilijivisha kanga. Rangi za mafuta tulizopewa zilikuwa hafifu, na muda wa saa tatu haukutosha kuumaliza mkono ulioshika brashi, lakini nitarudi, kwa kuwa sijapata kufundishwa kuchora bega kwa uangalifu kiasi hicho.