Kilo nne za omena hadi Kigali: uzoefu wangu na Wikivoyage

Kilo nne za omena, dagaa wa ziwani, ndizo zilizonifanya niuamini Wikivoyage, mwongozo wa safari wa mtandaoni.

Binamu yangu alikuwa anaolewa Kigali. Mama mdogo, ambaye hajawahi kwenda harusini mikono mitupu, alinunua omena Dunga, ufukwe wa wavuvi hapa Kisumu, akazianika tena juani siku mbili, kisha akazifunga kwenye nailoni nyembamba, nusu kilo nusu kilo, ili kila shemeji apate fungu lake. Mizigo ilikuwa imeshapangwa mlangoni. Mimi nilikuwa nimekaa na kurasa kumi na nne za mwongozo huo nilizochapisha saiba pale mjini Kisumu, shilingi kumi kila ukurasa, nasoma habari za Rwanda. Nikafika mahali palipoeleza kwamba Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008, na kwamba mizigo hukaguliwa mpakani.

"Mama, hizi nailoni hatutavuka nazo."

"Hata sisi huku si tulikataza mifuko, mwanangu? Na mbona sokoni bado wanafungia vitu?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Marufuku yetu ilianza tarehe 28 Agosti 2017, na anayepita soko la Kibuye mjini kwetu anajua kwamba nailoni haijaisha. Lakini kwa Wanyarwanda marufuku ni marufuku. Tukafungua mafungu yote usiku ule, tukazitia omena kwenye mifuko ya khaki, na mifuko tukaipanga ndani ya kikapu cha makuti. Nyumba nzima ilinuka ziwa hadi asubuhi.

Mpakani Katuna mizigo ilishushwa ikafunguliwa. Kijana mmoja aliyekuwa ameketi nyuma yetu alinyang'anywa kila nailoni aliyokuwa nayo, akapanda tena basi amebeba viatu mkononi na mkate kifuani. Ofisa alipofika kwetu aliinua mfuko mmoja wa khaki, akaunusa, akaurudisha. Mama mdogo akanigeukia: "Hiyo karatasi yako nani aliandika?"

Swali hilo ndilo linalonifanya niandike haya.

Wikivoyage ni mwongozo wa safari unaoandikwa na watu wa kujitolea, kila mmoja akichangia anachokijua kuhusu mji wake au mji alioukaa. Mizizi yake ni mwaka 2003, ulipoanzishwa mradi ulioitwa Wikitravel. Mwaka 2006 waandishi wa Kijerumani walijitenga wakaanzisha wa kwao, wakauita Wikivoyage, na tarehe 15 Januari 2013 ukazinduliwa rasmi chini ya Wikimedia, shirika lile lile linaloitunza Wikipedia. Hauna matangazo. Kusoma ni bure, kuchapisha ni bure, na unaweza hata kuunakili ukampa mwenzako mradi utaje ulikotoka. Ukurasa wa mji unafuata mpangilio mmoja popote duniani: namna ya kufika, kuzunguka, cha kuona, cha kufanya, cha kununua, pa kula, pa kulala, usalama, na mwisho kabisa pa kwenda ukitoka hapo. Ukishauzoea mpangilio huo kwa Kigali, hutapotea ukisoma Lisbon au Hanoi.

Kabla ya hapo nilikuwa natumia nyota na picha kama watu wengi. Safari moja nilichagua nyumba ya wageni kupitia programu fulani ya simu kwa sababu picha zilionyesha maji mbele ya dirisha. Nilipofika, maji yalikuwa mwendo wa nusu saa kwa boda. Wageni zaidi ya mia walikuwa wamesifu shuka, chai na tabasamu la mhudumu, na hakuna hata mmoja aliyetaja kwamba barabara ile ikifika saa moja usiku haina matatu. Sikuwalaumu wageni hao. Mgeni wa siku mbili anaona shuka. Anayeishi pale ndiye anayejua saa ambayo matatu ya mwisho huondoka, na hilo ndilo ninalolitafuta ninaposoma.

Turudi Kigali. Tulifika Ijumaa jioni, mkesha wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mama mdogo alikuwa ameshapanga kuamkia soko la Kimironko saa mbili asubuhi atafute kitenge cha kuvaa jioni. Karatasi zangu zilikuwa zimeshatuambia: Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni Umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi, na muda huo maduka hufungwa na magari huwa haba barabarani. Kwa hiyo tulilala. Nilipochungulia nje niliona majirani wakifagia mtaro na kufyeka majani kando ya barabara, wazee kwa vijana. Saa tano na nusu tukapanda gari kwenda sokoni, na wauzaji walikuwa ndio kwanza wanafungua vibanda. Mgeni mwingine wa harusi, aliyetoka mbali kuliko sisi, alipoteza asubuhi nzima amesimama steji akisubiri gari lisilokuja.

Mengine yalikuwa madogo lakini yalihesabika. Saa ya Rwanda iko nyuma ya yetu kwa saa moja; simu yangu ilijirekebisha, saa ya mkononi ya mama mdogo haikujirekebisha, na bila kumkumbusha angefika kanisani mapema kuliko padri. Magari hupita kulia, kwa hiyo kuvuka barabara Nyabugogo, penye stendi ya mabasi, kunataka uangalie upande ambao shingo haijauzoea. Abiria wa pikipiki lazima avae helmeti, na dereva hukupa ya kwake ya ziada bila kuombwa. Mkenya huvuka Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Sisi hatukuwa na pasipoti hata moja kati yetu.

Kilichomfurahisha mama mdogo kuliko vyote ni Nyamirambo. Nilikuwa nimesoma kwamba mtaa huo una watu wengi wanaosema Kiswahili tangu zamani, na Rwanda yenyewe ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Alishuka garini akaanza kuulizia bei ya sufuria kana kwamba yuko Kondele, kwetu Kisumu. Aliyemjibu alimwita "mama", akampunguzia, wakaulizana habari za watoto. Tulikaa pale saa mbili kwa sababu ya sufuria moja.

Siku ya mwisho tulikwenda Gisozi, kwenye ukumbusho wa mauaji ya kimbari uliofunguliwa 2004, ambapo watu zaidi ya 250,000 wamezikwa. Kiingilio ni bure. Mwongozo ulishauri kutopanga shughuli nyingine baada ya hapo siku hiyo hiyo, na naurudia ushauri huo kwa yeyote atakayekwenda. Tulirudi nyumbani kimya.

Nilipofika Kisumu nilijiona na deni. Kama mtu fulani wa Kigali, ambaye sitamjua, aliketi akaandika habari za nailoni na Jumamosi ya mwisho wa mwezi, basi na mimi nina mji wangu. Kwenye ukurasa unabonyeza mahali palipoandikwa "Edit", yaani hariri, unaandika, unahifadhi. Huhitaji ruhusa ya mtu wala kujiandikisha, ingawa mimi nilijiandikisha ili wenzangu waweze kuniachia ujumbe.

Jambo la kwanza nililoandika lilipunguzwa siku ya pili. Nilikuwa nimeeleza kibanda cha samaki cha rafiki yangu kwa maneno matamu: samaki bora kuliko popote ziwani, huduma ya kipekee, usikose. Mhariri mmoja wa kujitolea alibakisha mahali kilipo, saa za kufungua, aina za samaki na bei. Sifa zote zilikwenda. Nilikasirika, nikasoma kanuni, nikaikuta ile inayokataza kupigia debe biashara, iwe ni yako au ya rafiki. Baada ya siku chache niliona ana haki. Mtu akisoma kwamba hapa kuna ngege wa kukaanga na wa mchuzi, kuanzia saa tano asubuhi, na bei ni hii, anaweza kuamua mwenyewe. "Bora kuliko popote" haimsaidii kitu.

Tangu hapo naandika ninachoweza kukihakiki kwa miguu yangu. Na hapa ndipo kazi ilipo tamu, maana inakulazimisha kuuliza watu mambo ambayo ulidhani unayajua. Nilikwenda Dunga alfajiri nikamuuliza mzee mmoja mwenye mtumbwi ni wakati gani mgeni aje kuona taa za wavuvi wa omena.

"Shikamoo mzee. Mgeni akitaka kuona taa usiku, aje lini?"

"Marahaba binti. Mwambie asije mwezi ukiwa mpevu. Mwezi ukiwaka, taa zetu hazina kazi, omena hawakusanyiki. Na asije Aprili hadi Julai, uvuvi wa omena umefungwa."

Nimezaliwa kilomita chache kutoka pale, na habari ya mwezi mpevu niliisikia siku hiyo. Akaniongezea kwamba mgeni asilipie mtumbwi kabla hajaangalia gugumaji limesukumwa upande gani na upepo, kwa sababu lile likifunga ghuba, safari ya saa moja inageuka kuwa ya kusukuma majani. Nikayaandika yote mawili vile vile.

Kisha Lwang'ni. Mtu aliyeondoka Kisumu miaka kumi iliyopita bado atamwelekeza mgeni kwenye vibanda vya samaki vya ufukweni, vile ambavyo magari yalioshwa mbele yake huku watu wakila kuon, yaani ugali, na samaki aina ya mbuta. Vilibomolewa mwaka 2019 wakati bandari ilipokuwa ikifufuliwa. Siwezi kusema ni kumbukumbu ngapi za watu wa mji huu zilikuwa pale. Za kwangu ni nyingi. Treni nayo: kwa miaka mingi jibu lilikuwa hakuna treni ya abiria, na Desemba 2021 ikarudi kwenye reli ile ile ya zamani iliyofika ziwani mwaka 1901, mahali palipoitwa Port Florence wakati huo. Ukurasa usiposahihishwa unampeleka mgeni kwenye mji ambao haupo tena. Ndiyo maana sioni haya kusema kwamba udhaifu mkubwa wa mwongozo wa namna hii ni sisi wenyewe. Mahali penye wenyeji wanaoandika, habari ni mbichi. Mahali ambapo wenyeji wamenyamaza, hubaki yale aliyoyaona mpita njia.

Lipo na la lugha. Nimesoma kwa Kiingereza, kwa sababu Kiswahili hakina Wikivoyage yake, wakati Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003. Mama mdogo alihitaji nimtafsirie kila ukurasa ndani ya basi. Mwanamke anayejadiliana bei kutoka Kibuye hadi Nyamirambo kwa lugha moja alipaswa kusomewa habari za safari yake kwa lugha nyingine, na hilo linaniuma.

Kwa atakayejaribu: pakua kurasa kabla ya safari. Programu ya Kiwix hukuwezesha kusoma bila intaneti, na ukishavuka Busia utaishukuru, maana bando la nyumbani halikufuati kwa bei ya nyumbani. Angalia pia ukurasa ulihaririwa mara ya mwisho lini. Historia yake iko wazi kwa kila mtu, na bei au nauli iliyokaa miaka mitano ichukulie kama kadirio tu. Na usiruke sehemu ya mwisho, ile ya pa kwenda ukitoka hapo. Wageni wengi wa Kisumu huangalia machweo pale Hippo Point kisha wakarudi Nairobi, wakati msitu wa Kakamega, mabaki ya msitu wa mvua wa Afrika ya kati hapa kwetu, uko safari fupi ya matatu, na kuta za mawe za Thimlich Ohinga kule Migori ziliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2018.

Bado sijamaliza kuandika Kit Mikayi, jiwe la mke wa kwanza, karibu kilomita 29 kutoka mjini kwenye barabara ya Bondo. Hadithi yake ninayo: mzee aliyelipenda jiwe hata mkewe akawa anampelekea chakula huko kila siku, watu wakauliza mzee yuko wapi, wakaambiwa yuko kwa mke wake wa kwanza. Nisichonacho ni nauli ya sasa, mahali hasa pa kumwambia konda akushushe, na kama boda hungoja pale jioni. Jumamosi tunakwenda na mama mdogo. Ameshasema daftari atalishika yeye.